Mbona NFD ilipigana, lakini Mwambao haukupigana? Tuurudie mwaka 1963

Mjukuu wa Nahodha

Asalaam aleikum wana jamvi, na habari za jioni kwa wote.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Juzi kaja kwangu Kibokoni, Mombasa, na kazi ya historia: eleza chanzo cha Vita vya Shifta, kurasa mbili. Daftari lake limelimaliza jambo kwa mistari minne. Wasomali wa NFD, kaskazini mwa Kenya, walitaka kujitenga, serikali ikakataa, majambazi wakashika bunduki, amani ikarudi 1967. Nikamwambia hiyo si historia, hiyo ni ripoti ya polisi. Naye hakuniacha: "Sasa mjomba, mbona na sisi huku tulitaka kujitenga mwaka huohuo na hatukupigana?"

Nikabaki na hamri mkononi.

Nimelala na swali hilo siku mbili. Nalileta hapa nikiwa na jibu langu, lakini nataka lipigwe mawe kwanza kabla kijana hajaliandika. Tusitukanane tu. Mada hii kila ikiguswa huishia kwenye kabila la mtu.

Naanza na kwetu Mwambao, yaani ukanda huu wa pwani, kwa sababu nimegundua hata watoto wa Mji wa Kale hawajui kwamba kabla ya Desemba 1963 walikuwa wakikaa kwenye ardhi ya kupanga.

Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikaa wakampimia Sultani wa Zanzibar ukanda wake wa pwani: maili kumi kwenda bara. Kwa upande wetu ni kutoka Vanga hadi Kipini, na visiwa vya Lamu. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini akawakabidhi Waingereza utawala wa ukanda huo kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Utawala tu, enzi ilibaki yake. Ndiyo maana nchi hii tangu 1920 ikiitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ni bara, himaya ni sisi. Na ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu miaka yote hiyo, huku ndani ya ngome hiyohiyo Mwingereza akifunga watu jela hadi 1958. Bendera ya mwenye nyumba juu, mahabusu wa mpangaji chini.

Basi ilipofika 1960, kila mtu akiona Mwingereza anafunga virago, swali letu lilikuwa la nyumba: mpangaji akihama, funguo anampa nani? Mwenyewe aliye Unguja? Jirani wa Nairobi? Au wanaolala ndani?

Naenda swala ya Isha, narudi.

Chungwa Chachu

Naweka kambi hapa. Mkuu usipotee kama ule uzi wako wa majahazi.

Mlinzi wa Lango

Kaka, mimi sina haja ya kungoja. Shifta walikuwa majambazi, tusipambe. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori njia ya Garsen kwenda Lamu miaka hiyo. Walikuwa hawapiti bila msafara wa askari. Utingo wake alipigwa risasi ya bega na mtu asiyemjua wala kumdai. Huyo utingo alikuwa mkoloni?

Mjukuu wa Nahodha

Mlinzi wa Lango, Mungu amrehemu mzee. Hilo la utingo nalirudia, silikwepi. Niruhusu nimalizie kwanza la nyumba.

Mwambao ulikuwa na makundi yasiyopatana. Wako waliotaka dola yao wenyewe, wakiwemo watu wa Coast People's Party, na Sheikh Abdilahi Nassir akiwa miongoni mwa sauti zao. Wako waliotaka kubaki chini ya Sultani. Ronald Ngala na chama chake cha KADU walitaka majimbo: Pwani iwe na serikali yake ndani ya Kenya. KANU, chama cha Kenyatta, walitaka Kenya moja, basi. Wamijikenda wengi hawakuwa na hamu yoyote ya Mwambao huru, na tuseme ukweli, walikuwa na sababu. Wao waliisikia "dola ya Mwambao" kama "dola ya Mwarabu", na kumbukumbu ya utumwa haikuwa ya mbali. Zaidi ya hapo, maili kumi zingepita katikati yao: mtu wa Mazeras nchi nyingine, shangazi yake wa Mariakani nchi nyingine.

Mwaka 1961 akaletwa Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje asikilize watu. Akasikiliza, akaandika kwamba ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, na Waislamu wapewe dhamana. Mwaka 1962 ujumbe wa Mwambao ukaenda Lancaster House, London. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakaandikiana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa saini. Sultani Jamshid akaiacha enzi yake; Kenya ikaahidi mahakama za kadhi zitabaki, dini haitaguswa, Kiarabu kitafundishwa kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi zitaheshimiwa. Ahadi ya kadhi mnaiona hadi leo kwenye Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010.

Sasa tazameni hapa. Mwaka huohuo wa 1962, nyumba hiyohiyo ya London, kulikuwa na ujumbe mwingine uliotoka kona ya pili ya Kenya na ombi la jamii ileile: tusiingizwe ndani ya nchi hii kabla hatujaulizwa. Ni watu wa NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Chama chao kikubwa kilikuwa NPPPP (Northern Province People's Progressive Party), mwenyekiti Wako Happi.

Mwingereza alikuwa amewafungia mlango tangu zamani. Sheria ya 1902 ilimpa mamlaka ya kuzifunga wilaya za pembezoni. NFD ikafungwa 1926, na 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalumu. Kuingia ni kwa kibali, kutoka ni kwa kibali. Vyama vya siasa havikuruhusiwa huko hadi 1960. Yaani wakati wazee wetu wanagombana hadharani uwanja wa Makadara, mtu wa Wajir alikuwa hana ruhusa hata ya kufungua tawi la chama.

Na mipaka ndiyo ilikuwa ikichezewa juu ya vichwa vyao. Mwaka 1925 Mwingereza alikata Jubaland, na Kismayu ndani yake, akampa Muitalia kama zawadi ya kupigana upande mmoja katika Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1946 waziri wao wa mambo ya nje, Ernest Bevin, akapendekeza nchi za Wasomali ziwekwe pamoja. Wazo likazimwa, lakini waliolisikia hawakulisahau. Mwaka 1954 akakubali kumrudishia Muhabeshi malisho ya Haud, bila wafugaji wenyewe kuulizwa. Halafu Julai 1, 1960 Somalia ya Muitalia na ile ya Mwingereza zikaungana, zikapandisha bendera ya nyota yenye pembe tano. Pembe mbili ni zao. Tatu ni za waliobaki nje: Ogaden, Djibouti, na NFD.

Ukiwa mfugaji wa Mandera, nyota hiyo unaiona kwa macho ng'ambo ya mpaka. Sisi ng'ambo yetu ilikuwa bahari.

Binti wa Rasini

Kaka, hapo kwenye 1925 umepita mbio. Mstari ule haukukata Wasomali peke yao. Ulitukata sisi Wabajuni. Visiwa vyetu vimeshikana kama shanga kutoka Pate hadi karibu na Kismayu: Chovai, Chula, Koyama. Bibi yangu alizaliwa upande wa bara mkabala na visiwa, si mbali na Kiunga, na dada zake waliolewa Chula. Siku moja wakaambiwa dada zako ni watu wa Italia.

Na hiyo "vita ya NFD" ilitufuata sisi ambao hata hatukuwa NFD. Vijiji vya bara kule vilihamwa. Shifta walikuja usiku wakitaka chakula na mbuzi, asubuhi wakaja askari kuuliza nani kawapa chakula. Bibi aliacha shamba la mtama likiwa limeiva. Wengine walikimbilia Lamu, wengine Malindi, yeye akapandishwa jahazi hadi Mombasa, akaishia Kisauni. Hakurudi tena. Mpaka anakufa akiuliza, "Nani anaamia ndege shambani kwangu?"

Mimi mjukuu wake nilipokwenda kuchukua kitambulisho, ofisi fulani hapa mjini, niliwekwa mbele ya kamati nikaulizwa babu yangu alizikwa wapi. Nikasema makaburi yako kwenye kijiji kilichohamwa wakati wa shifta. Bwana akaandika kitu, akasema, "Kwa hiyo huna ushahidi."

Chungwa Chachu

Da, hiyo ya mwisho imeniuma.

Mjukuu wa Nahodha

Dada Binti wa Rasini, ahsante. Hilo mpwa wangu ataliandika, daftari lake halina.

Naendelea, na hapa ndipo penye jibu langu.

Waswahili tunasema ahadi ni deni. Mwingereza yeye ahadi akiiona inakomaa huunda tume. Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling, aliwaahidi watu wa NFD pale London kwamba tume itakuja kuwauliza. Ikaja kweli, Oktoba 1962: watu wawili, mwanasheria wa Nigeria, Onyiuke, na jenerali wa Kanada, Bogert. Walizunguka jangwani, watu wakamiminika kwenye mabaraza. Ripoti yao ya Desemba haikuficha: Wasomali, ambao ndio wengi, karibu kwa kauli moja walitaka kujitenga na hatimaye kujiunga na Somalia. Ilisema pia kwamba wako wasiotaka, hasa baadhi ya Waborana na jamii ndogo zisizo za Kiislamu, na wako waliogawanyika. Haikuwa ripoti ya upande mmoja.

Kisha Machi 8, 1963 Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni aliyemfuata Maudling, akatangaza uamuzi: NFD ya Wasomali itakuwa jimbo la saba la Kenya, Jimbo la Kaskazini Mashariki. Kwaherini. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Uchaguzi wa Mei, Wasomali wa huko wakaugomea.

Robertson naye hakuwapa watu wa Mwambao walichotaka, ni kweli. Tofauti naiona katika mambo matatu, na la kwanza ndilo ninalolishikilia zaidi.

Sisi tulikuwa na mwenye nyumba. Kulikuwa na mtu wa kutia saini upande wa pili, kwa hiyo ilibidi apewe kitu: kadhi, hati za ardhi, maneno kwenye karatasi. NFD haikuwa na mtu wa kutia saini. Hakukuwa na Sultani wa Wajir. Waliulizwa, wakajibu, na jibu likawekwa kabatini. Naamini mtu hashiki bunduki kwa kunyimwa tu. Hushika akiitwa mbele ya watu, akaulizwa unataka nini, akasema, kisha akafanywa kama hakusema.

La pili, dola ng'ambo. Mogadishu ilikuwa na redio, na bunduki zikapita mpakani. Sisi Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na Januari 12, 1964 mapinduzi yakampindua Jamshid. Merikebu yake ilielekea Mombasa, Kenya ikamkatalia kushuka. Yaani aliyekuwa na enzi juu ya bandari hii mwezi mmoja nyuma alinyimwa kukanyaga gati yake. Hata kama kijana wa hapa angetaka kupigana, angempigania nani?

La tatu ni majimbo. "Jimbo la saba" lilikuwa na maana ikiwa majimbo yatadumu. KADU walivunja chama Novemba 1964, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 12 mwaka huo majimbo yalikuwa maiti. Ngala alimeza akaingia KANU. Watu wa Garissa wangemeza nini?

Kuli wa Kilindini

Wewe mjukuu wa nahodha umeandika vizuri lakini kichwa chako cha habari ni cha uongo. Eti Mwambao haukupigana. Agosti 1997 nilikuwa Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikabebwa, watu wa bara wakachomewa nyumba. Hiyo ilikuwa nini, harusi? Na vijana wa "Pwani si Kenya", wale wa kundi la Mombasa Republican Council waliopigwa marufuku 2010, mahakama ikawafungulia 2012, walikuwa wakitembea na nini mkononi? Nakala ya mkataba wa 1895!

Hizo "hati za ardhi zitaheshimiwa" unazotusifia ndiyo sumu yenyewe. Mwingereza alileta sheria ya hati 1908, huku pwani peke yake. Mwenye kujua kuandika akaandikisha. Mgiriama na Mdigo hawakuwa na karatasi, shamba la babu likawa mali ya serikali au ya bwana fulani. Halafu 1963 mkaja mkazipiga muhuri hati hizohizo. Mimi nimezaliwa skwota kwenye minazi aliyoipanda babu yangu kwa mkono wake.

Mjukuu wa Nahodha

Kuli, nimekubali, na kichwa nakiacha hivyo ili wasomaji waone ulivyonikosoa. Sikusifia hati, nilisema zilikuwa bei. Na uko sawa, bei ililipwa kwa mfuko wa mtu ambaye hakuwa mezani. Mkataba wa 8 Oktoba ulimlinda aliyekuwa na karatasi. Hilo kusema kweli nilikuwa silipi uzito, labda kwa kuwa babu yangu alikuwa na karatasi.

La 1997 naliweka kando kidogo, kwa sababu ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi na wengi waliotumwa hawakujua waliowatuma wanataka nini. Lakini kuni zilikuwa ni hizo za ardhi.

Turudi kwa utingo, maana nilimwahidi Mlinzi wa Lango.

Juni 28, 1963, kabla hata ya uhuru, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, na Chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi njiani. Ile barabara ya Wabera katikati ya Nairobi ni yeye. Agosti wakakaa Roma kuzungumza, hakukutoka kitu. Kenya ikafunga mkataba wa ulinzi na Uhabeshi, ambao nao walikuwa na Ogaden yao ya kuilinda. Desemba 12 bendera ikapanda. Desemba 25 Kenyatta akatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Siku 13, wana jamvi! Mtu aliyekamatwa kwa sheria za hali ya hatari ametangaza hali ya hatari kabla keki ya uhuru haijaisha.

"Shifta" lenyewe ni neno la Kihabeshi, jambazi wa porini. Serikali ililipenda kwa sababu jambazi hana hoja ya kujibiwa. Na ndugu, walikuwamo majambazi. Waliompiga utingo wa baba yako hawakumuuliza chama. Mabomu ya kutega ardhini yalipoingia hayakuchagua lori la jeshi na lori la unga. Ninachokataa ni kuanzia hadithi kwenye risasi hiyo, kana kwamba siku iliyotangulia hapakuwa na kitu.

Mlinzi wa Lango

Sawa. Mzee wangu naye alikuwa akisema, "Njia ile iliharibiwa na makaratasi kabla ya mabomu." Nilikuwa simwelewi.

Shemeji wa Isiolo

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi Mborana, nimeoa Majengo, watu wa hapa wananiita Msomali na nimechoka kuwasahihisha.

Mmeandika sana juu ya London. Niwape kidogo ya kwetu. Waborana wa Waso Isiolo wengi ni Waislamu, na wengi walikuwa upande wa kujitenga. Haji Galma alikuwa upande wa Kenya. Kwa hiyo vita kwetu viliingia ndani ya boma moja. Kutoka 1966 serikali ikatukusanya kwenye kambi, zile wanazoziita vijiji vya manyata. Mtu haruhusiwi kutoka na mifugo bila ruhusa. Ngamia ni mnyama wa kutembea. Ukimfunga mahali pamoja umemchinja. Waliokutwa nje ya kambi walihesabiwa shifta, mtu na ngamia wake. Babu aliingia kambini akiwa tajiri, akatoka akiomba unga. Ndiyo mbinu ileile Mwingereza aliyowafanyia Wakikuyu miaka ya hamsini.

Oktoba 28, 1967 Kenyatta na Egal, Waziri Mkuu wa Somalia, walikutana Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwasuluhisha, wakaandikiana amani. Kwenu vita vikaisha. Kwetu sheria za hali ya hatari zilikaa mpaka 1991. Mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, pale uwanja wa ndege Wajir, yalifanyika ndani ya "amani" hiyo. Na 1989 Wasomali wa Kenya wote wakapangwa mstari kuhakikiwa, wapewe kadi nyingine juu ya kitambulisho.

Kwa hiyo kijana asiandike 1963–1967. Aulize ni tarehe za nani.

Binti wa Rasini

Shemeji, nyinyi kipindi kile mnakiitaje nyumbani? Bibi alikuwa akisema "mwaka wa kukimbia" tu.

Shemeji wa Isiolo

Gaafa Dhaabaa. Kwa Kiborana ni kama kusema wakati wa kusimama, wakati mambo yote yalisimamishwa. Mama akitaka kusema fulani ni mkubwa kuliko fulani, husema huyu alizaliwa kabla ya Dhaabaa.

Mjukuu wa Nahodha

Kijana yuko hapa pembeni yangu, amesoma uzi wote kwenye simu yangu na chaji imebaki kidogo. Amefuta sentensi ya kwanza iliyokuwa na neno majambazi. Sasa anataka kuanza na neno la shemeji, anauliza ni a ngapi katikati na ngapi mwishoni.

Shemeji wa Isiolo

Mbili katikati, mbili mwishoni. Na mwalimu akimkata alama, nipigieni.